Daftari la Kidoti

Siku za bamvua, bahari ilipokupwa mbali, na wanawake wa Kibuyuni waliposhuka kwenye mashamba yao ya mwani, Bi Mwanaima hakuwahi kushuka peke yake. Alipokuwa akikaza leso kiunoni na kutafuta kamba zake, Kidoti alikuwa tayari amesimama penye njia ya pwani, akimngoja. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye doa jeusi katikati ya paji la uso. Huko ufuoni angelala kando ya dumu la maji na viatu vya bibi mpaka kazi iishe, na kabla ya kurudi, bibi angemmiminia maji katika kifuu cha nazi. Hakuruhusiwa kuingia nyumbani, wala hakujaribu. Mtu akimuuliza Bi Mwanaima kama anafuga mbwa, alijibu, "Simfugi. Twafuatana tu."

Mjukuu wake Hasina, msichana wa miaka kumi na miwili, aliishi naye kwa sababu mama yake alifanya kazi hotelini Diani na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku moja kabla ya likizo ya Agosti, mgeni alifika shuleni kwa akina Hasina. Aliitwa Daktari Jumwa. Hakuwa daktari wa sindano, bali mtafiti wa chuo kikuu aliyetaka kujua jinsi watu na mbwa wanavyoishi pamoja: nani humfuata nani, nani humjali nani, na kila mmoja hupata nini kwa mwenzake. Aliwachagua wanafunzi wanane wenye mbwa nyumbani, akampa kila mmoja daftari la siku kumi na nne. Mara tatu kwa siku waandike mbwa yuko wapi, yuko na nani, na nani amempa chakula na maji.

"Andikeni mnachokiona, si mnachokidhani," aliwaambia kwa upole. "Na ukikosa kumwona, andika 'sikumwona'. Hilo nalo ni jibu."

Siku tatu za kwanza Hasina alifanya kazi hiyo kwa bidii. Alimfuata Kidoti pwani, akapima muda, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Siku ya tatu alasiri aliandika hata jambo ambalo halikuulizwa: Kidoti alipotea kidogo, akarudi na miguu myeupe kama aliyekanyaga unga. Daktari Jumwa alipopita kukagua, aliusifu mwandiko wake mbele ya wenzake, akasema daftari kama lile angependa kuwaonyesha watafiti wengine.

Siku ya nne wasichana wa jirani walikuja kumwita Hasina kucheza mpira wa kati. Aliporudi, jua lilikuwa limezama na hakuwa amemwona Kidoti tangu asubuhi. Alishika kalamu ili aandike "sikumwona", akaliona neno lenyewe baya, kama doa kwenye nguo nyeupe. Basi akaandika kana kwamba amemwona: saa tatu asubuhi, pwani na bibi; alasiri, chini ya dirisha; maji, nimempa mimi.

Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi. Kufikia siku ya saba alikuwa akikaa barazani na kujaza siku mbili kwa mkupuo, na bibi alipomuuliza kuhusu maji ya Kidoti, alijibu, "Nampa mimi." Kalama, mwanafunzi mwenzake ambaye naye alikuwa na daftari, alichungulia begani mwake akacheka.

"Saa tatu, saa tatu, saa tatu. Mbwa wako amenunua saa? Wetu hata kula hajui saa ngapi."

"Wa kwenu hana adabu," Hasina alimjibu, akalifunika daftari.

Siku ya kumi Kidoti hakuonekana. Hasina alidhani yumo vichakani. Lakini siku ya kumi na moja, baada ya swala ya alfajiri, alimkuta bibi amesimama penye njia ya pwani, mkono umeshika kile kifuu, akitazama huku na huku. Hakuwa akienda popote. Hasina hakuwahi kumwona bibi yake akisimama hivyo, kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya.

"Hata jana sikumsikia," bibi alisema. "Usiku hukwaruza mlango mara moja, kisha hulala. Jana hakukwaruza."

Hasina alijua mambo mengi kuhusu Kidoti, lakini hilo la mlango hakulijua.

Habari zilimfikia Daktari Jumwa, akaja mwenyewe kabla jua halijapanda. Alimwamkia bibi shikamoo, akaketi barazani, akaomba daftari. Alieleza kwamba mbwa huwa na njia zake kama watu walivyo na zao, na kwamba kumbukumbu nzuri zingewaonyesha wamtafute wapi. Kisha akasoma kwa sauti, taratibu. Siku ya nane, saa tatu asubuhi, pwani na bibi. Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, pwani na bibi. Siku ya kumi vilevile.

"Basi tuanzie pwani," alisema.

Bi Mwanaima alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa. Hakwenda shule, lakini alikuwa amelima mwani miaka kumi na minane.

"Mwanangu," alimwambia mtafiti, "bahari haina saa tatu ya kila siku. Leo ikikupwa saa tatu, kesho ni karibu saa nne. Na siku hizo ulizozisoma yalikuwa maji mafu. Bahari haikupwi vya kutosha, kamba zetu hukaa ndani ya maji. Mimi sijakanyaga pwani siku ya tano leo."

Daktari Jumwa hakumtazama Hasina. Alilifunga daftari juu ya kidole chake, akangoja. Hasina aliweza bado kusema kwamba alikosea tarehe. Maneno hayo yalikuwa mdomoni tayari. Lakini alikiona kifuu mkononi mwa bibi, kikavu.

"Siku tatu za kwanza ni za kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nyingine nimezibuni. Sikumwangalia. Maji pia sikumpa, hata siku moja."

Bibi alishusha pumzi. Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Hasina zaidi. Daktari Jumwa alifungua daftari tena, akarudi kwenye kurasa za mwanzo.

"Haya, tuzisome hizi za kweli," alisema. Alipofika siku ya tatu alasiri, kidole chake kilisimama. "Miguu myeupe kama aliyekanyaga unga. Uliiona kwa macho yako?"

"Naam. Niliiona."

"Vumbi jeupe liko wapi hapa kijijini?"

Hasina na bibi walitazamana. Vumbi jeupe lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye timbo la zamani lililokuwa likichimbwa mawe ya kujengea. Lilikuwa refu kwenda chini, kuta zake zimekatwa wima, na maji ya masika yalikuwa bado hayajakauka ndani yake.

"Alikwenda kunywa," bibi alisema. "Nisiposhuka pwani, kifuu hiki hakitiwi maji. Nami nilijua wewe unampa. Uliniambia."

Baba yake Kalama, Mzee Mramba, alikuwa mkata mawe na alikuwa na ngazi ndefu. Alikuja nayo pamoja na Kalama, ambaye safari hii hakufanya mzaha. Walipofika ukingoni Hasina aliita, na kutoka chini kikasikika kilio chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Kidoti alikuwa amelala kwenye jiwe lililochomoza ukutani juu kidogo ya maji, mguu mmoja wa mbele ameukunja. Mzee Mramba alishuka na gunia, akamfunga kama mtoto, akapanda naye polepole huku akimnong'oneza kwa Kidigo.

Alipowekwa chini, Kidoti alijikokota mpaka miguuni pa Bi Mwanaima, akalaza kichwa juu ya kiatu chake. Kisha akageuka akamlamba Hasina mkono. Hasina alianza kulia.

"Lia, lakini usiuvute mkono," bibi alisema. "Utaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, kama dini inavyotufunza. Maji tunayo. Kumnywesha mwenye kiu ni thawabu, awe na miguu miwili au minne. Na kusema umemnywesha ilhali hukumnywesha ni kumnyang'anya mara mbili, kwa kuwa hata mimi niliyekuwa nimpe, nilinyamaza kwa kukuamini."

Daktari Jumwa aliufunga mguu wa Kidoti kwa kitambaa, akaahidi kumleta daktari wa mifugo jioni. Hasina alimnyooshea daftari, akasema kwamba sasa halifai kuonyeshwa mtu.

"Kurasa tatu zinafaa," mtafiti alimjibu. "Zimemtoa Kidoti shimoni. Zile nyingine zilitaka kutupeleka pwani ilhali yeye analia timboni. Mwandiko ulikuwa mzuri kote, lakini ukweli ulikuwa pahali pamoja. Mimi ninapoandika juu ya mbwa na watu, huazima macho ya wengine. Ukiniazima macho yaliyofumba, nami nitaanguka. 'Sikumwona' si aibu, Hasina. Ungeliandika siku ya nne, mtu angeuliza: basi alikuwa wapi? Na tungemfuata mapema."

Alichora mstari chini ya siku ya tatu, akamrudishia daftari na kalamu.

Asubuhi iliyofuata Hasina aliamka kabla ya kuitwa. Alikisugua kifuu, akakijaza maji, akakiweka karibu na gunia alilolalia Kidoti. Akachutama na kungoja mpaka ulimi ulipogusa maji. Hapo ndipo alipofungua daftari, chini ya mstari, akaandika:

"Saa kumi na mbili na nusu. Yuko barazani na bibi. Mguu bado unamuuma. Usiku nilikuwa nimelala, sikumwona. Maji, nimempa mimi."