Chupa Iliyokwepa Tanuri

Katika hospitali ile hakuna asiyeijua kanuni, tangu mganga mkuu hadi mfagiaji: dawa iliyopita tarehe huingia ndoo nyekundu, ndoo nyekundu huenda tanurini, na mbele ya moto husimama wawili, mmoja wa kuchoma na mmoja wa kushuhudia, kisha wote wawili hutia sahihi daftarini.

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, msimamizi wa wodi ya watoto alikuwa akikusanya vitu vya mdogo wake katika wodi ya macho. Wauguzi walimwita Mama Rula, kwa jinsi alivyopenda mambo yaliyonyooka. Mdogo wake, fundi cherehani, alikwanguliwa jicho la kulia na jani kavu, fangasi wakaingia. Alitiwa matone kila saa kwa siku kumi na tisa. Jana yake jicho lilitolewa.

Juu ya kabati la kitanda ilibaki chupa ya matone. Mama Rula aliishika ili aitupe, akasita. Boksi lilikuwa jipya, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka ujao. Chupa haikuwa na tarehe. Mahali pake palikwanguliwa kwa wembe. Boksi lilikuwa la toleo la arobaini na moja, chupa ya toleo la kumi na saba. Tena kingo za lebo zilikuwa za kahawia, zimejikunja, na mpira wa kutonesha umepasukapasuka.

Hakulia. Aliifunga chupa ndani ya leso.

"Aliyefanya hivi, na kila aliyemwachia mlango, atalipa," alimwambia mdogo wake. "Sitamsaza hata mmoja."

"Dada, jicho halirudi."

"Sikusema litarudi."

Saa nne alikuwa dirishani kwa mfamasia.

"Hii uliitoa wewe?"

"Boksi ni langu, chupa si yangu. Toleo hilo lilipita tarehe miezi saba sasa. Zilisalia chupa kumi na mbili, nikazitia ndoo nyekundu kwa mkono wangu."

"Labda moja uliisahau rafuni."

"Mama Rula, stoo yangu ina baridi kama kaburi. Itazame lebo. Hiyo imeota moto."

"Ingebakiwa na nguvu kiasi gani?"

"Kwa kupita tarehe tu, pengine nusu, pengine robo. Hakuna ajuaye, ndiyo maana tunachoma. Lakini ipite tarehe kisha ipikwe na joto? Hayo ni maji yenye jina zuri. Hayamuui mtu. Yanawaachia fangasi nafasi ya kula."

Moto. Mama Rula alimkumbuka wifi yao, dada wa mume wa fundi, aliyeuguza mchana kutwa na kuwasha jiko la mafuta nyuma ya wodi. Hakuwahi kumpenda, na siku ile kutompenda kulimpa furaha chungu.

"Chupa hii uliipeleka wapi, wifi?"

"Jikoni, nikaikaanga," wifi akajibu bila kuinua uso. "Umekwisha kunihukumu, sasa unatafuta kosa la kunivisha."

"Nani mwingine aliigusa?"

"Wauguzi. Na mzee wa taka, siku ya pili. Aliliangusha boksi akimwaga ndoo, akaliinamia kitambo, akalipangusa, akaomba radhi. Mstaarabu kuliko wewe."

Mzee wa taka ndiye mchoma tanuri, walimwita Majivu. Saa nane mchana Mama Rula alifungua daftari la uteketezaji. Toleo la kumi na saba, chupa kumi na mbili, zimeteketezwa zote. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Majivu. Ya pili aliitambua kabla hajaisoma, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe. Siku alipoitia, wodi ilikuwa na watoto watatu wenye degedege, na mzee alimletea daftari mlangoni: "Tia hapa tu, mama, nisikusumbue." Wasimamizi wote walitia hivyo hivyo. Hakuna aliyekwenda kutazama moto.

Alilifunga taratibu. Usoni palimwaka kama aliyepigwa kofi.

Jumatano, saa nne asubuhi, alisimama tanurini pamoja na koplo wa polisi.

"Ziliungua kumi na moja, mzee. Ya kumi na mbili?"

Majivu hakukana. "Moshi huu unakula macho, mama. Nikasema nijitibie. Nilijitia wiki mbili, haikuniponya, haikuniua. Nikaiacha hapo juu ya tanuri. Kisha nikamkuta fundi wako kitandani, nikaikwangua tarehe, nikaibadilisha na yake."

"Alikukosea nini?"

"Mwanangu wa pekee. Fundi alisimama mahakamani akasema, nimemwona kwa macho yangu akivunja duka la vitambaa. Kweli tupu, mwanangu alikuwa mwizi. Lakini aliingia gerezani kwa miguu yake, nikarudishiwa maiti. Nikaona jicho lile nalo lipumzike. Na sumu sikumtia. Mwulizeni mfamasia."

"Ungetia sumu tungeijua siku ya kwanza. Wewe ulimwibia siku kumi na nane."

Chuma cha kuchokolea moto kilikuwa mdomoni mwa tanuri, ncha yake nyekundu. Mkono wa Mama Rula ulikwisha kukifikia. Koplo akasogeza mguu.

"Fanya, mama," Majivu alisema kwa upole. "Mimi sina wa kunililia. Ila ukimaliza, mtafute na yule aliyeandika kwamba ameniona nikizichoma zote."

Koplo alicheka, akidhani ni maneno ya mfa maji. Mama Rula aliuondoa mkono.

Alasiri ile aliweka karatasi mbili mezani kwa mganga mkuu. Ya kwanza ilimfikisha Majivu mahakamani, akapewa miaka tisa. Ya pili aliiandika juu yake mwenyewe. Ikamvua usimamizi na kumfungia leseni mwaka mzima. Wifi yake naye, Mama Rula alimwomba radhi mbele ya watu. Kwa mdogo wake alikwenda mwisho, akaeleza yote, habari ya daftari isibaki.

Fundi alimsogezea kigoda. "Kaa hapo," akasema. "Jicho moja linaikosa sindano. Utanitungia uzi mpaka nizoee."

Alikaa kando ya cherehani miezi kumi na mmoja, akitunga uzi, hazungumzi asipozungumzishwa. Asubuhi moja fundi alimpokonya sindano. Alikosa mara sita. Mara ya saba uzi ukapita.

"Basi, dada," akasema. "Nenda nyumbani."