Chumba cha Juu Kisichokalika

Mama Funguo alikuwa na funguo thelathini na moja na magoti mawili. Funguo zote zilifanya kazi. Magoti, tuseme moja na nusu.

Kila asubuhi alifungua geti la chuo cha jamii. Hapo vijana na watu wazima walijifunza ufundi: upishi, kompyuta, useremala na ushonaji. Alifungua madarasa ya chini, akafungua ofisi, kisha akasimama na kuitazama ngazi. Vidato arobaini na vitatu mpaka chumba cha ushonaji.

"Haya, mwanamke," alijiambia. "Mlima haupandwi kwa macho."

Chumba hicho kilikuwa chini ya mabati matupu, hakikuwa na dari. Asubuhi kilivumilika. Saa saba mchana mabati yalianza kulia, ta, ta, ta. Saa nane palikuwa hapakaliki. Mwalimu alileta feni. Wanafunzi wakaongeza feni. Zikawa sita. Lakini feni sita, pasi tatu na cherehani za umeme kumi na mbili zikiwaka kwa pamoja, swichi kuu kule chini ilianguka, kap! Kila kitu kikanyamaza. Kisha sauti zikashuka kutoka juu:

"Mama Funguooo! Umeme!"

Kabati la swichi lilikuwa chini, na ufunguo wake alikuwa nao yeye. Alipanda kuhakikisha pasi zimezimwa, akashuka kuinua swichi. Mara tano kwa siku. Ukimwambia ahesabu vidato vyote vya mwaka mmoja, angekuomba kwanza umpishe akae.

Jioni moja alifika nyumbani akamkuta binti yake amelala kwenye mkeka, viatu bado viko miguuni. Binti huyo alikuwa mmoja wa wanafunzi wa chumba cha juu. Alibakiza miezi minne apate cheti.

"Mama," alisema bila kufumbua macho, "mimi kesho siendi."

"Unaumwa?"

"Naumwa na chumba."

Mama Funguo akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Hakuwa na nguvu hata ya kumkemea.

"Leo jasho limedondokea gauni langu la mtihani," binti akaendelea. "Mwenzangu wa cherehani ya pili ameanguka kichwa juu ya meza. Tulikuwa ishirini na wanne, Mama. Tumebaki kumi na mmoja. Mkuu wa chuo amesema tukishuka chini ya kumi anafunga darasa, chumba kinakuwa stoo. Na yule aliyeanguka, sidhani kama atarudi."

Mama Funguo akapiga hesabu. Kumi na mmoja, toa mmoja, kumi. Toa huyu aliyelala na viatu, tisa.

Baba wa nyumba alikuwa kwenye kiti chake, mto mgongoni. Alikuwa seremala, na kwa miaka mingi amekuwa akiumwa kiuno. Mtaa mzima ulimwita Msumari, kwa sababu kwake kila tatizo dawa yake ilikuwa hiyo. Kiti kikilegea, msumari. Mlango ukilia, msumari. Siku mtoto wa jirani alipokataa kulala, watu walificha nyundo.

"Mnalia bure," alisema. "Hiyo swichi ifungeni kwa waya isianguke. Au niiteni, naigandisha kwa msumari mmoja tu."

"Baba watoto," mkewe akasema, "leo niache."

Kisha akamgeukia binti. "Jikaze kisabuni, mwanangu. Chuo kimepata msaada wa sola na wa kutengeneza jengo. Jumatatu anakuja fundi. Nipe Jumatatu tu."

Binti akavua kiatu kimoja. Cha pili kilimshinda.

Jumatatu fundi wa sola akaja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia pana na daftari lililochakaa. Mkuu wa chuo alimpokea getini huku akinyoosha kidole juu.

"Paa lile pale! Lijaze paneli, ziwe ishirini. Chumba cha juu tutaweka feni kubwa kumi."

"Paa nimeliona, Mkuu," fundi akajibu. "Paa halikimbii. Mtu anayefungua na kufunga vyumba ni nani?"

Mkuu akaduwaa. Katika miaka yote, hakuna mgeni aliyewahi kumtaka Mama Funguo kwa jambo lolote ila ufunguo wa choo.

Wakazunguka pamoja. Fundi aliuliza, Mama Funguo akajibu, daftari likajaa.

"Taa hii ya ofisini inawaka mchana?"

"Mchana kutwa. Dirisha limezibwa na kabati."

"Sogezeni kabati. Na friji ya darasa la upishi?"

"Mpira wa mlango wake umekatika. Wanafunzi wanauegemezea kiti."

"Kwa hiyo mnalipoza darasa zima kwa friji." Fundi akaandika. "Na swichi kuu huanguka saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Saa nane. Saa nane na robo. Nikikaa tu."

"Mliwahi kuifunga isianguke?"

"Kuna mtu nyumbani kwangu alitaka kuigandisha kwa msumari."

Fundi akasimama. Kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Mama, msimruhusu. Swichi ikianguka si ubaya wake. Inawaambia nyaya zimezidiwa. Ukiizuia, nyaya zitapata moto ndani ya ukuta, na hapo itaungua nyumba."

Mama Funguo akalimeza neno hilo kama kidonge bila maji.

Wakapanda juu, Mkuu akiwafuata. Ilikuwa saa nane, na joto liliwapokea mlangoni kama mtu aliyekuwa akiwangoja. Wanafunzi kumi walikuwa ndani. Yule wa cherehani ya pili hakuja. Binti wa Mama Funguo alikuwa mwisho wa safu, kichwa chini.

Fundi aliokota kipande cha kitambaa cha pamba sakafuni. Akakiweka kwenye mfuniko wa kopo, akakiwasha ncha, akaupuliza moto ukazimika. Ukabaki moshi.

"Zimeni feni. Tazameni moshi."

Moshi ukapanda wima mpaka karibu na mabati. Hapo ukasimama, ukatanda, ukakosa pa kwenda.

"Hewa ya moto hupanda juu," fundi akasema. "Aliyejenga jengo hili alilijua hilo. Tazameni pale juu ya ukuta, huku na kule. Yale ni matundu ya hewa. Joto lilipaswa kutokea pale, na hewa ya baridi iingie kwa madirisha ya chini. Lakini kila tundu lina ubao. Nani aliyaziba?"

Wanafunzi wakatazamana. Mwalimu akainua mabega. Yeye aliajiriwa mwaka jana tu.

Mama Funguo akazishika funguo zake zisilie. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akamtazama binti yake. Ukosi wa blauzi ulikuwa umelowa, mkono mmoja ukiwa juu ya gauni la mtihani kulikinga na jasho lake mwenyewe.

"Ni mume wangu," akasema. "Miaka tisa iliyopita. Njiwa walikuwa wanaingia wanachafua nguo za watu. Mimi ndiye niliyemwita. Na ngazi niliishika mimi."

Binti akainua kichwa.

"Mama! Yaani ni sisi?"

"Ni sisi, mwanangu."

Miaka tisa alikuwa amepanda vidato vile, mara tano kwa siku, kwa sababu ya mbao zile. Magoti yake yaliumwa na kazi ya mikono ya nyumbani kwake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msumari aliziba hata pasipo na ufa.

"Usijilaumu, Mama," fundi akasema. "Njiwa walikuwa tatizo la kweli. Ila ubao unazuia njiwa na hewa pia. Wavu wa waya unazuia njiwa peke yake."

"Na feni sita je?" mwalimu akauliza.

"Feni haipozi hewa, inaizungusha. Mkizungusha hewa ya moto, mnapigwa na moto kwa zamu. Na pasi moja inakula umeme kama feni kumi na tano. Pigeni pasi asubuhi, moja baada ya nyingine."

Kisha akamgeukia Mkuu, ambaye shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Mkuu, ukiweka paneli ishirini leo, utakuwa unavuna jua juu ya paa ili upigane na jua hilohilo chini ya paa. Kwanza tufungue matundu. Tuweke dari, tuache nafasi kati yake na mabati. Mabati tuyapake rangi nyeupe yarudishe jua lilikotoka. Taa tubadilishe. Baada ya hapo, paneli nane zitawatosha."

"Nane?" Mkuu akajifuta uso. Alizitaka ishirini, ishirini zinaonekana vizuri kutoka barabarani. Lakini dakika kumi ndani ya chumba kile zilikuwa zimemlegeza. "Haya. Nane. Tutoke kwanza, tafadhali."

Kazi ngumu ilibaki nyumbani.

"Nani kasema?" Msumari aliuliza jioni ile.

"Moshi."

"Moshi una cheti cha ujenzi?"

"Baba," binti akasema, "njoo ukae kule saa nane. Saa moja tu. Ukitoka mzima, ziache mbao zako."

Msumari akausogeza mto mgongoni. Alikuwa mzee aliyechoka, na mzee aliyechoka ana vitu vichache vya kujivunia. Zile mbao zilikuwa kimojawapo. Njiwa hakuingia tena, hata mmoja.

"Niliambiwa nizuie njiwa," akasema taratibu. "Nikazuia njiwa."

"Ulizuia vizuri, baba watoto," mkewe akamjibu. "Kupita kiasi. Nami nilikushikia ngazi. Twende tukazitoe wote."

Jumamosi wakaenda. Msumari alipanda ngazi ya mbao huku akiguna, mkewe akaishika chini kama zamani. Msumari wa kwanza ulichukua nusu saa.

"Hautoki!" akalalamika.

"Aliyeupigilia ni nani?"

"Fundi hodari, mwanamke. Fundi hodari!"

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hakuwa amecheka humo ndani tangu aanze masomo.

Ubao wa kwanza ulipong'oka, vumbi la miaka tisa likamwangukia mzee kichwani. Nyuma ya vumbi ukaja upepo. Kidogo tu. Karatasi ya vipimo vya gauni iliyokuwa mezani ikajikunja, ikateleza, ikaanguka. Msumari akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nipeni huo wavu."

Wiki tatu zilizofuata mafundi waliweka dari na kupaka mabati rangi. Mwisho zikaja paneli nane. Fundi wa sola akamfundisha Mama Funguo kuzitunza: azifute vumbi asubuhi zikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini, na mti au nguo zisizitie kivuli, maana kivuli juu ya paneli moja huzidhoofisha hata za jirani. Ngazi ya kupandia paani ilikuwa na vidato kumi zaidi.

"Kumi tena?" Mama Funguo aliuliza.

"Mara moja kwa wiki, Mama."

"Hapo sawa. Si mara tano kwa siku."

Siku ya kwanza kila kitu kilipowashwa, Mama Funguo alikaa karibu na kabati la swichi, ufunguo mkononi. Saa saba na nusu ikafika. Kimya. Saa nane. Kimya. Saa nane na robo akasimama, akatega sikio. Labda wameondoka wote. Labda kimekuwa stoo.

Akapanda.

Cherehani zilikuwa zinanguruma. Feni mbili tu zilizunguka, bila haraka. Aliyeanguka alikuwa amerudi kwenye cherehani ya pili, na nyuma yake walikuwa wengine watatu waliokuwa wameacha. Kumi na wanne. Juu kwenye wavu, njiwa mmoja alichungulia ndani, akaona hapapitiki, akaenda zake.

"Mama, kuna nini?" binti akauliza. "Umeme haujakatika."

"Najua. Nimekuja kuangalia."

"Basi kaa."

Mama Funguo akakitazama kiti. Miaka yote hiyo alikuwa amekifungua chumba hiki na kukifunga, hajawahi kukaa humo. Akakaa. Upepo ukampita shingoni.

Saa kumi darasa likaisha. Wanafunzi walikunja vitambaa, wakazima feni, wakaelekea mlangoni. Hapo wakasimama. Mwenye kufunga mlango alikuwa amelala kitini, funguo thelathini na moja mapajani, mdomo wazi kidogo.

"Tumwamshe?" mmoja akanong'ona.

Binti akatikisa kichwa. Akarudi kwenye cherehani yake, akalivuta gauni la mtihani, akaanza kushona upindo kwa mkono, kwa sindano isiyopiga kelele.