Gurudumu la Kitongoji cha Juu

Siku Kilinganishi kilipoonyeshwa kwa wageni, kiwandani Dodoma, gari lilipanda mwinuko mfupi tu, likajizima lenyewe, likasema kwa sauti ya kike yenye upole: "Samahani, ndugu yangu. Matairi yetu hayalingani. Hatuwezi kuendelea hivi." Wageni wakapiga makofi. Sauti ile ilikuwa ya Subilaga, mhandisi aliyekibuni kifaa hicho.

Kifaa chenyewe hakikuzidi kiganja. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halitaki mkubwa na mdogo. Tairi jipya lina kashata nene, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, kwa hiyo ni kubwa kuliko lililolika. Lenyewe likizunguka mara moja, mwenzake ameshazunguka mara moja na kitu, na meno ya difu, giya inayoyagawia magurudumu nguvu hapo katikati, hubaki kuvutana mpaka yaungue. Zamani watu walichanganya jipya na vipara, wakaua magari huku wakilaumu wachawi. Kilinganishi kilipima kila mzunguko, na kikiona tofauti ipo na joto la difu limepanda, kinafunga gari lisiende. Wakubwa walitaka kuwe na ufunguo wa dharura. Subilaga akakataa katakata.

"Nawajua watu wetu," alisema. "Ukiwapa ufunguo wa dharura, kila siku itakuwa dharura."

Wakacheka, wakampitishia.

Kijijini kwao Mbakila, kwenye milima ya Rungwe, gari la wagonjwa lilikuwa la watu wote. Vitongoji vinne, magurudumu manne. Kila kitongoji na gurudumu lake, kulitunza na kulibadilisha. Watu walitaniana kwa magurudumu kama wengine wanavyotaniana kwa timu za mpira. Na gari lilipoletwa likiwa linaongea kwa sauti ya binti yao, wee, kijiji kizima kilivimba kichwa.

Jiwe likachana tairi la kitongoji cha Juu, kwa kina Andwele, kaka yake Subilaga. Yeye ndiye aliyetumwa mjini kuchagua jingine. Muuzaji akamtolea lililotumika, limelika sawasawa na yale matatu yaliyobaki.

"Chukua hili, kaka. Litaelewana na wenzake."

Andwele akalitazama kama mtu aliyepewa makombo. Mkewe Tupokigwe alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na gari lile ndilo lingempeleka hospitali. Ampandishe kwenye tairi la mtumba? Na vile vitongoji vitatu viwacheke mpaka lini? Akachagua jipya kabisa, kashata zake kidole kinazama. Kitongoji kikalipokea kwa vigelegele, na hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya.

Kwa safari fupi za tambarare Kilinganishi kilivumilia. Asubuhi Tupokigwe aliposhikwa na uchungu walimpakia garini, na kwenye mlima, matope yakiwa mpaka kwenye vifundo, difu likapata moto na gari likafunga.

Simu ilimkuta Subilaga mezani kwake kazini.

"Mdogo wangu, fungua gari," Andwele alisema. "Tupokigwe anatoka damu."

"Ile ndege-nyuki ya hospitali, droni ya kuleta damu, je?"

"Hairuki, ukungu umetanda. Fungua gari."

"Kaka, siwezi."

"Si umelitengeneza wewe?"

"Nimelitengeneza lisifunguliwe na mtu. Hata mimi." Nyuma ya maneno ya kaka yake aliisikia sauti yake mwenyewe ikiomba radhi, na mwanamke akilia. "Nisikilize. Lile tairi la zamani liko wapi? Hata kama limechanika, lizibeni mlifunge."

"Tulilikata ndala za katambuga. Ninazo mguuni."

Basi akawaambia wachukue mapanga na tupa, walikwangue lile jipya mpaka lilingane na mengine. Wanaume wa Juu wakapiga magoti kwenye matope, wakalichuna tairi walilokuwa wamelishangilia. Wengine wakamlaza Tupokigwe kwenye machela, wakaukabili mlima kwa miguu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Uongo. Huyu alikichimba akiwa Dodoma, wakaingia wenzake.

Tairi lilikwanguka, maana mikono ilikuwa mingi. Gari likajiwasha. "Asante kwa uvumilivu, ndugu yangu," likasema. "Sasa tunalingana." Likawakuta wenye machela juu mlimani, wamekaa chini, wamemfunika Tupokigwe uso. Likamrudisha nyumbani, yeye na mtoto wake tumboni. Difu halikupata hata mkwaruzo.

Subilaga alifika msibani akiwa amejiandaa kutukanwa. Hakutukanwa. Walimpokea mzigo, wakampa maji ya kunawa, wakamwonyesha mahali pa kukaa, na hilo lilimuuma kuliko tusi lolote. Andwele alikuwa mkekani, miguu peku.

"Kila alipopiga kelele, lilimwomba radhi," akasema bila kumtazama. "Lina adabu sana gari lako. Hata alipobaki kukoroma, liliendelea kumwita ndugu yangu."

Subilaga akapiga magoti mbele yake. Maneno yote aliyokuja nayo kutoka Dodoma yalimpotea, likabaki moja.

"Samahani," akasema.

Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza, wakageuza vichwa wote, wakalitazama gari lililoegeshwa uani.