Munira Ana Virusi

Majirani zangu wa Mtoni, kisa hiki mnakijua, na baadhi yenu mlikichochea. Nakisimulia hata hivyo, kwa sababu sijaona hata mmoja wenu aliyeona aibu.

Mwaka 1995 nyumba ya mzee Mudathir, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, ilikuwa nyumba tulivu. Asubuhi mkewe, Mwanabaraka, alipika chai uani, na binti yao Munira alifungua chumba cha mbele, akakunja kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akaanza kupiga taipu barua za watu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Salumu, fundi cherehani wa Tandika, alikuwa ameshaleta posa na ikakubaliwa. Munira alimpenda kijana yule hasa, mpaka mama yake akamtania kwamba hata barua za madai anazipiga huku anatabasamu.

Kompyuta yenyewe Mudathir aliinunua kwa kiinua mgongo alipopunguzwa kazini. Wapo wanaoyapa magari na maduka yao majina ya mabinti. Yeye alimwita mchora mabango, akaandika ubavuni mwa mashine kwa rangi nyekundu: MUNIRA. Tangu siku hiyo hakusema tena "kompyuta". Alisema, "Munira leo kaamka vizuri," na sie tukajua ni Munira yupi kwa kutazama kidole chake kinaelekea wapi.

Na maoni, jamani! Mudathir hakuweza hata kuiwasha mashine ile bila bintiye, lakini barazani hakuna aliyemfikia kwa kuzichambua kompyuta. "Hizi programu mpya za picha picha ni za watoto wa chekechea," alisema. "Mtu mzima anataka skrini nyeusi na herufi za kijani, basi." Kompyuta za wenzake zote alizidharau, nazo hakuwahi kuzigusa. Alipoulizwa kuhusu virusi alicheka. "Uongo wa wauza programu! Chuma kitaumwaje? Munira wangu haumwi." Mara tatu binti alimwomba anunue programu ya kinga, na mara tatu alimwambia aache woga wa kike.

Barua za wateja zikaanza kutoka zimevurugika. Ikabidi aitwe fundi Kornelio kutoka mjini, bwana mmoja asiyejua kunong'ona. Mudathir alikuwa uani anatawadha kwa ajili ya adhuhuri, na fundi akapaza sauti dirishani: "Mzee! Munira ana virusi! Tena vingi! Mmemwacha bila kinga, kila mtu anakuja na disketi yake!"

Jirani mmoja, ambaye namsitiri jina ingawa hastahili, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alisikia "Munira ana virusi". Alisikia "bila kinga". Ya disketi hakuyasikia, au hakuyataka. Miaka ile mtaani kwetu neno virusi lilikuwa na maana moja tu, na tulikuwa tumeshazika wengi. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika Tandika.

Siku ya tatu akaja mzee Mbwana, baba mdogo wa Salumu, na mwenzake mmoja. Munira alikaa nyuma ya pazia, kama desturi inavyomtaka mchumba, akidhani wamekuja kupanga siku ya ndoa.

"Ndugu yangu Mudathir," Mbwana alianza, huku anajikohoza. "Tumesikia neno zito. Eti Munira ana virusi?"

Mudathir aliona aibu, maana alidhani anaulizwa habari za mashine aliyoitetea mtaa mzima. Akashusha sauti. "Nani kawaambia? Tafadhalini, tusitangaze. Wateja wakisikia watakimbia."

"Wateja?"

"Si ndio wanaotulisha? Na ndio hao hao waliomwambukiza. Lakini kuna bwana mmoja kaja kamsafisha, sasa anafanya kazi kama zamani."

Munira alielewa. Alitaka kutoka apige kelele, "Baba, wananisema mie!" lakini mchumba hatoki mbele ya wakwe, na alipopata ujasiri wa kulivuta pazia, wazee walikuwa wameshavaa viatu. Mwanabaraka aliwakimbilia hadi barabarani, kanga inamdondoka.

"Ni mashine, jamani! Ni kompyuta!"

"Tangu lini mashine ikapata virusi, dada?" Mbwana alimjibu bila kugeuka.

Jioni ile Munira alimpigia baba yake magoti. "Simama barazani, baba. Sema ni kompyuta yako."

"Kila siku nawaambia haiumwi. Nikisema hivyo watanicheka. Uvumi huu utakwisha wenyewe."

"Wewe unaogopa kuchekwa, baba. Mie wameshanizika."

Wiki tatu zikapita, Mudathir hajasimama barazani. Munira akaenda kupima, akapata cheti safi, akampelekea Salumu cherehanini kwake. Salumu alikisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga.

"Mie nakuamini, Munira. Lakini wazee nilishawaambia utapima. Wakasema cheti si kitu, nyie kwenu mna mashine ya kuchapa."

Kina Salumu walipoivunja posa ndipo Mudathir akasimama barazani, akakiri kila kitu huku analia. Watu walimsikiliza. Halafu mmoja akauliza, "Mzee, si wewe uliyetuambia chuma hakiumwi?" Baraza zima likacheka, na hakuna aliyemwamini.

Salumu alioa Mbagala mwezi wa Shaabani. Munira bado yuko kwao. Kwenye shughuli za mtaa anapakuliwa sahani yake peke yake, na akishakula, wanaoosha vyombo wanaiacha hapo hapo mkekani.

FUNZO

Usijitie ujuzi wa kitu usichokijua, na ukikosea, kiri siku ile ile. Mudathir alikuwa na wiki tatu za kumwokoa mwanawe, akazitumia kulinda sifa yake ya barazani. Nanyi mliobeba neno nusu kutoka dirishani, hamkuuliza hata mara moja. Tena nawaambia, hata kama Munira angekuwa na virusi hivyo mnavyovijua nyie, bado sahani ile mngepaswa kuiosha.