Mutama kwenye mudomo wa David

Jumamosi saa sita, Charlène alirudi kutoka soko ya Kadutu akamukuta mutoto wake David analala. Alimuita, wapi! Alimuinua, mikono ikaanguka kama kamba. David alikuwa na miezi mitano, na pumzi yake ilinuka pombe.

"Ornella! Mutoto wangu umemupa nini?"

Ornella, yaya wake, alianza kulia. "Maman, miye nilikuwa nafua nguo!"

Kwenye centre de santé, kituo cha afya, munganga Christophe alimupangusa David mudomo na pamba, akamuweka serum kwenye mushipa.

"Ataamuka," aliwaambia Charlène na bwana yake Josué. "Lakini hii si mara ya kwanza. Ubongo wa mutoto ungali unajengwa, Maman. Muna milango midogo ya kupokea habari, na pombe inaiharibu, kama mutu anayegonga ukuta simenti ingali mbichi. Anaweza kukua bila kutulia, masomo inamupita. Simuachi arudi nyumbani mupaka mujue ni nani anamupa."

Kule Cimpunda, mutaani kwao, vijana walikuwa wameshamushika Ornella mukono, wamupeleke polisi. Maman Mireille, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, akafika.

"Mumuache kwanza. Josué, baba wa mutoto, weye si unakunywa?"

"Nakunywa bia ya chupa, kwenye nganda, kule baa. Nyumbani sileti." Muguu wa Josué ulikuwa unatikisika.

"Na huo muguu unakimbia wapi, na weye umekaa?"

Watu wakacheka. "Tangu utoto iko vile," alisema Josué. "Hata shule ilinishinda. Mwalimu alikuwa ananifunga kwenye benchi."

"Ornella, kaka yako anapika kanyanga, ile pombe kali, kule Miti?"

"Ndiyo, lakini hapa hajaleta!"

"Munaona?" vijana walipiga kelele.

Mama wa Josué, Koko Bintu, aliyetoka Nyangezi juma iliyopita na bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi ya ubatizo wa David, alitikisa kichwa. "Yaya wa siku hizi," alisema.

Mireille alienda kwa Christophe, akaomba kuona ile pamba. Ilikuwa na maganda madogo, mekundu. Mutama. Kanyanga iko safi kama maji, na bia ya chupa haina ganda. Ni kasiksi tu inayochachushwa na mutama, maganda yanaelea ndani. Lakini kwenye bidon ile kila mutu wa nyumba aliweza kuchota.

Jumapili, baada ya misa, aliwaita wote kwenye centre. David alikuwa ameamuka, anapiga kelele ya kupasua masikio. Charlène alimupa titi, mutoto akakataa. Ornella alimuimbia, bure. Josué alimubeba huku na huku, bure.

"Koko, tusaidie," alisema Mireille.

Koko Bintu alimupokea. Mukono wake ukashuka wenyewe kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga, penye fundo, ukaipeleka mudomoni mwa mutoto. Mireille aliudaka. Fundo lilikuwa limelowa. Alilikamua kwenye kiganja: maganda mekundu.

"Maman!" Josué alisema.

"Ni kumukaribisha," Koko alijibu polepole. "Mutoto wetu anaonja kasiksi ya kwao. Aliponyamaza, nikarudia. Alikuwa analia sana, Charlène halali."

"Na Ornella aliposhikwa, ulinyamaza?" aliuliza Mireille.

"Niliogopa watanikataza mujukuu." Alipangusa macho. "Mbona watoto wangu wote niliwalaza hivyo? Josué ndiye alilia kupita wote. Yeye nilimupa mupaka akatembea."

Josué aliuangalia muguu wake, akaukandamiza na mikono miwili. Chini ya mikono, uliendelea.

"Munganga, ni hiyo ilinifanya hivi?" aliuliza.

"Siwezi kuapa, papa. Inaweza kuwa hiyo."

Charlène alimushika Ornella mukono, ule ule vijana walioubana. "Unisamehe, mwanangu."

David alikuwa angali analia. Josué alimuchukua kwa Koko, polepole, bila hasira.

"Na simenti ya huyu, ingali mbichi?"

"Ingali."

"Basi alie," alisema Josué, akaanza kutembea naye.