Aliyesema Ameitazama

Asubuhi ya kwanza ilikuwa chumvi tu. Fuatino aliamka kope zimegandana, akazisugua, vidole vikatoka na punje nyeupe. Akaonja. Chumvi ya bahari. Nyumba yao iko Mangere, mtaa wa mjini ng'ambo, mbali na kwao Samoa, karibu na uwanja wa ndege. Bahari ipo, lakini si ya kumfuata mtu kitandani. Mama yake, Moelagi, akamwambia ni machozi, amezililia filamu zake tena, anawe uso wawahi kanisani.

Fuatino alikuwa hajalia. Jana yake jioni, tena, alikuwa amecheka sana.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na alipenda filamu kama kaka zetu wanavyopenda raga. Kila Jumamosi alikutana na wenzake wa kikundi cha wapenda filamu katika ukumbi mdogo wenye viti vinavyolia. Kikundi kile kina mchezo wao. Kila mtu anakiri filamu moja kubwa ya kale, ile ambayo dunia nzima inaisifu na yeye hajawahi kuitazama. Wanamzomea, wanacheka, mwenye aibu kubwa kuliko wote ananunuliwa bia. Mchezo mzuri, ukiuangalia juujuu. Ila tuseme ukweli: mtu hukiri zile zisizomuumbua. Zile zinazomuumbua, anasema ameziona.

Jumamosi hiyo ikatajwa *Bibi Harusi wa Miamba Miwili*. Ni filamu isiyo na sauti, iliyopigwa Samoa zama za bibi zetu na mgeni aliyekuja na kamera yake na kofia yake. Haikosekani katika orodha yoyote ya filamu bora. Ndani yake kuna mwanamke anayeogelea kupita mlango wa mwamba, pengo ambalo bahari huingilia na kutokea, kumfuata mpenzi wake. Majina ya wazungu waliobeba taa yameandikwa yote. Yeye ameandikwa "mwenyeji".

Mwenyekiti wa kikundi, Angus, kijana wa skafu shingoni hata wakati wa joto, alisema hiyo haiwezi kukiriwa na mtu, maana nani mle ndani angethubutu kuwa hajaiona. Vichwa vyote vikaitikia. Walikuwa wanataka kuionyesha kwenye sherehe ya kikundi, na msichana mmoja wa nyuma akauliza kama ni kweli yale yanayosemwa, kwamba yule mwanamke alilazimishwa, kwamba alizama wakati wa kupiga picha. Halafu wote, kama waliopangwa, wakamgeukia Fuatino, Msamoa pekee mle ndani.

"Wewe dada si umekulia nayo hiyo," Angus akasema. "Tuambie. Pale mwishoni anaonekana ana shida?"

Fuatino alikuwa amesoma kila kilichoandikwa juu ya filamu ile. Aliweza kukutajia lenzi iliyotumika. Kuitazama, hajaitazama hata dakika moja.

"Hana shida yoyote," akasema. "Anageuka, anaitazama kamera, anatabasamu. Mtu wa kulazimishwa hatabasamu vile."

Ukumbi ukashusha pumzi. Ikapitishwa kwamba filamu itaonyeshwa, yeye ataitambulisha, na maneno yake yale yatachapwa kwenye tangazo. Wakamnunulia bia.

Jumatatu ikaja harufu, ya nywele zilizolowa muda mrefu na mafuta ya nazi yaliyochacha. Moelagi alifungua madirisha, akatoa zulia nje, akapika koko nzito, kinywaji cha kakao, ili ifukuze ile harufu, na harufu ikakaa juu ya koko kama mgeni aliyekaribishwa. Jumanne ikaja pumzi. Moelagi yuko jikoni anamenya taro, yale magimbi, mchana kweupe, akasikia sebuleni mtu akivuta hewa kwa nguvu, namna anavyovuta aliyekaa chini ya maji mpaka kifua kinataka kupasuka. Mara moja. Akatoka na kisu mkononi. Hakuna mtu, ila kiti cha mbele ya televisheni kilikuwa kimelowa.

Jumatano Fuatino alirudi kutoka chuoni akamwuliza mama yake kwa nini siku hizi anavaa kijivu. Moelagi alikuwa na gauni lake jekundu, lile la maua ya haibiskasi, ambalo hata kipofu angelisikia.

"We mtoto, unanitania?"

"Sikutanii, mama. Na majani ya taro nayo ni kijivu. Na wewe mwenyewe." Akashusha sauti. "Nikikutazama sana, unarukaruka kidogo. Kama picha ya zamani."

Hospitali walimwangalia macho kwa mashine zao wakasema ni mazima, pengine ni mitihani, apumzike. Alipumzika, na alipokuwa akipumzika rangi ziliisha zote, halafu kingo za vitu zikaanza kuliwa, na katika kile kilicholiwa akawa anaona maji, si maji ya kuwaza bali maji yenyewe, ya kijivu, yakipanda na kushuka nyuma ya mlango wa friji, nyuma ya uso wa dereva wa basi, nyuma ya uso wa mama yake. Kila saa ilipopita uso ulipungua na maji yaliongezeka.

Hakuwa mjinga. Alijua ni nini. Alichukua nakala ya filamu aliyopewa na kikundi, akaiunganisha na televisheni, akakaa aitazame, angalau uongo wake ugeuke kuwa kweli kwa kuchelewa. Maandishi ya mwanzo aliyaona vizuri. Minazi aliiona. Mara mwanamke alipokanyaga maji, macho yake yakajaa, yakafurika mpaka kidevuni, yakachoma kama ya mtu aliyepigwa na wimbi, na alipoweza kuyafumbua filamu ilikuwa imekwisha. Akarudisha nyuma. Ikawa vilevile. Alijaribu mpaka macho yakawa mekundu kama nyama.

Akampigia Angus. Akamwambia amesahau kidogo, amkumbushe mwisho wake ulivyo. Angus alicheka, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba, kusema kweli, Fuatino, hajawahi kuimaliza. Aliianza, ni ndefu kidogo. Akamtaja mwenzake aliyeiona hakika. Huyo naye alikuwa amesoma muhtasari tu, akamtaja mwingine. Walipokezana vile mpaka waliisha wote, kama watu wanaopitishiana kikombe kitupu na kila mmoja anajifanya amekunywa. Watu wameisifu filamu karibu miaka mia, wamegombana kwa ajili yake, wamepewa shahada kwa ajili yake. Nani alikuwa amemtazama yule mwanamke mpaka mwisho? Nauliza tu.

Ijumaa asubuhi Moelagi akamleta Bi Aliitasi kutoka mtaa wa Otara, mwanamke mnene anayetibu kwa majani na kwa mikono, na kwa ulimi pia. Alimkandakanda Fuatino kichwa, akamnusa kope, akaacha.

"Macho yako hayaumwi," akasema. "Yamepata mwenyewe mwingine. Umemtukana nani?"

"Sijamtukana mtu, bibi."

"Umemtolea nani ushahidi basi?"

Fuatino akaeleza yote, kichwa chini, na mama yake akasikia kwa mara ya kwanza.

Bi Aliitasi hakushangaa. Alisema jini huyu hafukuziki kwa moshi wala kwa zaburi, maana hakuja kuiba, amekuja kudai. Dawa yake ni ile tunayofanyiana sisi tukikoseana vibaya: familia yenye kosa inakwenda alfajiri mbele ya nyumba ya waliokosewa, inapiga magoti, inajifunika mkeka wa heshima, inangoja. Wenyewe wakitaka watakuja kuufunua, na kosa limekwisha. Wasipotaka, hawatoki.

"Nyumba yake iko wapi?" Moelagi akauliza. "Mtu hana hata jina."

Bi Aliitasi akaelekeza kidevu kwenye televisheni. "Walimwacha humo."

Akaongeza kwamba kosa lazima litajwe, na huwezi kutaja usichokiona. Lazima mtu aitazame. Wakamtazama yeye. Akasema wasimtazame yeye, kazi yake ni kutibu majini, si kwenda kukaa nao sebuleni.

Basi akabaki Moelagi, mjane anayefunga vyakula vya abiria wa ndege zamu ya usiku, ambaye maishani mwake hajawahi kumaliza filamu, hata za kuchekesha. Dakika ya kumi anakoroma. Alivuta pazia, akamshika bintiye mkono, akabonyeza.

Hakulala. Aliona msichana wa umri wa Fuatino akiingia kwenye mlango wa mwamba mahali ambapo mtu wa kwetu hata mlevi haingii maji yakiwa yanatoka, akamwona akivuka, akamwona anaanza tena upande uleule, nywele sasa zimefunguka, akamwona anaanza tena, bega linatoka damu, weusi mwembamba unaomfuata majini, na tena, na tena, mikono ikipanda polepole zaidi, na kila alipodhani wamemwacha apumzike, picha ilikatwa na msichana alikuwa mwanzoni mwa mwamba akisukumwa na kitu kisichoonekana, mpaka uso wake ukaja karibu, ukajaa televisheni yote, mdomo ukafunguka ukasema, na filamu ikaweka maandishi yake mazuri yenye maua pembeni: *Nakuja kwako, mpenzi wangu.*

Moelagi hakuyasoma maandishi. Alikuwa anatazama mdomo, na mdomo ulisema kwa lugha ya kwao.

"Anasemaje, mama?" Fuatino akanong'ona.

"Anasema, nitoeni." Moelagi akaukaza mkono wa bintiye. "Nimechoka. Nitoeni majini."

"Halafu? Anageuka?"

"Hageuki, mwanangu. Maji yanabaki peke yake."

Sebuleni pumzi ile ikavutwa, ndefu, haikutolewa.

Fuatino alimpigia Angus papo hapo, akamwambia yote, akamwomba wasiionyeshe. Angus aliguswa, kweli kabisa aliguswa. Akasema atalifikisha kwa wenzake. Ila matangazo yameshabandikwa, na tiketi zimekwisha, na kwa kweli jambo hili litaleta mjadala mzuri baada ya onyesho. Atakuja kuzungumza, sivyo? Fuatino aliiweka simu mezani taratibu, akaikosa meza.

Alfajiri ya Jumamosi walikunjua mkeka wa harusi ya Moelagi, ule laini kama kitambaa, wenye manyoya mekundu pembeni, usiokaliwa na mtu. Waliwasha filamu. Wakapiga magoti bega kwa bega kwenye zulia, Bi Aliitasi akawafunika wote wawili, akaenda kukaa mlangoni.

"Nilisema uliridhika," Fuatino akasema chini ya mkeka. "Sikukuona. Nilisema bila kukuona."

"Mimi nimekuona," Moelagi akasema. Hakuwa amepanga kusema hivyo, lilimtoka.

Wakangoja. Mkekani mlikuwa na giza la kahawia na joto la pumzi zao wenyewe. Filamu haina sauti, lakini baada ya muda sebule ilikuwa na sauti, ya maji yanayodondoka kutoka kwenye kitu kilichosimama, halafu ya unyayo uliolowa ukikanyaga zulia, ukatulia, ukakanyaga tena, bila haraka, kama mtu aliyechoka ambaye sasa hakuna wa kumsukuma, na ile harufu ya nywele ikaja mpaka wakaionja, na tone moja likaanguka juu ya mkeka, katikati ya vichwa vyao, na lingine, na lingine, mkeka ukawa mzito kama ngozi mbichi, na Moelagi akiwa ameng'ata meno akiomba kwa majina yote anayoyajua akasikia ukingo wa upande wake unashikwa.

Ukainuliwa. Kwa upole, namna unavyomfunua mtoto aliyelala. Mwanga ukampiga usoni, hewa baridi ikamwingia kifuani, na akajua amesamehewa, alijua kama mtu anavyojua njaa imekwisha.

Kisha mkono uleule ukaukunja ukingo ule, ukaulaza juu ya Fuatino. Sasa alikuwa amefunikwa mara mbili.

Moelagi alitazama. Sebuleni hapakuwa na mtu. Kwenye televisheni yalikuwepo maji matupu. Nyayo zilizolowa zilitoka pale mpaka kwenye mkeka, na hakuna hata moja iliyorudi. Bi Aliitasi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama," Fuatino akaita kutoka chini, "tumefunuliwa?"

Moelagi aliutazama ule mkunjo wa mkeka. "Bado, mwanangu. Vumilia."

Akavumilia. Jua likapanda, ndege zikapita juu ya bati, jirani akaanza kukata nyasi. Moelagi alinyoosha mkono kwenye mkeka, na Bi Aliitasi akaukamata mkono wake.

"Usiguse. Ukiufunua wewe si msamaha. Ni mkeka tu."

"Atakosa hewa."

"Hewa anayo. Kaa."

Akakaa. Kila aliposikia bintiye akijisogeza alisema bado kidogo, na kila aliposema sauti yake ilipungua, mpaka jirani alipozima mashine yake na nyumba nzima ikawa kimya, kimya kisicho hata na tone. Hakuna aliyekuwa anakuja. Moelagi akausukuma mkono wa Bi Aliitasi, akaushika mkeka kwa vidole vyake kumi, akauvuta wote, akautupa pembeni kama tandiko la kawaida, akavuta na pazia.

Jua la mchana likamwagika usoni mwa Fuatino. Alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua kichwa taratibu kuelekea dirishani, macho wazi kabisa, yamelowa, hayapepesi.

"Mama," akauliza kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua, "bado tu?"