Noti ya Benki Iliyokufa

Hadi leo sijajua zile karatasi za manjano zilirudije. Jirani yangu Qiao Bingwen alizichoma mwenyewe njia panda, siku ya kuwakumbuka wafu, akaondoka zikiwa majivu. Asubuhi alizikuta jikoni chini ya mtungi wa siki, nzima, zimekunjwa pembe ndani, kama marehemu mama yake alivyokuwa akizikunja.

"Umeziangusha wewe," mkewe Runmei alimwambia.

Hapa Taiyuan, kaskazini mwa China, karatasi hizo hupigwa chapa kwa kukandamizwa noti ya leo, inayotumika madukani, ndipo zikichomwa huwa pesa ya wafu. Qiao, mkusanyaji wa noti za benki za majimbo, alitumia ile aliyoitafuta miaka kumi na mmoja: yuani moja ya benki iliyofilisika mama yake akiwa mtoto. Aliona ni heshima.

Siku ya tatu miguu ya Runmei ikapoa. Vifundo kwanza, kisha magoti. Ngozi ikanuka udongo wa mvua. Wakiwa wanakula tambi, Runmei aliweka vijiti vya kulia chini akasema kwa sauti isiyo yake:

"Bingwen. Zuzu langu."

"Mama?" Qiao alinong'ona.

"Nimekwenda sokoni huku kwa wafu na takataka zako, mwenye chumvi akacheka, mwenye makaa akacheka, hata maiti wa juzi wakacheka, wakauliza nimezaa nini kisichojua kwamba baba yangu alibandika noti hizo ukutani kuziba upepo, na sasa nasikia baridi, na mkeo ana joto, basi nitalivuta lake mpaka nifike moyoni."

Mganga, Bibi Hao, alimgusa Runmei. "Baridi imefika kiunoni. Pigeni karatasi mpya chapa kwa noti ya leo. Na hiyo ya zamani ichomwe yenyewe."

"Nakala yake je, Bibi?" Qiao aliuliza. "Ya rangi, nzuri kabisa."

Bibi Hao akatema mate. "Mara ya kwanza ulimdanganya kwa ujinga. Sasa unataka kwa makusudi?"

Simlaumu Qiao sana, miaka kumi na mmoja si mchezo. Iliamuliwa aichome noti ile ya zamani kabla ya jua kuchwa. Jua likawa linazama, naye bado ameikumbatia albamu ya noti zake, akiifuta vumbi lisilokuwepo.

Runmei alijiburuta sakafuni kwa viwiko, akamnyang'anya, akaichomoa noti, akaitia motoni chini ya sufuria ya tambi.

"Pokea, Mama," alisema. "Mwanao ana kazi nyingi."